Jinsi Uganda Ilivyounganishwa, na Deni Lililobaki

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niandike somo fupi la historia kwa wanafunzi wa sasa na wa zamani. Nimekubali kwa furaha, maana mimi nami nilikaa katika madawati hayo hayo na kula maharagwe hayo hayo, na sasa kazi yangu ni kufundisha historia. Somo nililolichagua si geni kwenu. Lakini naona mara nyingi twalikariri kwa tarehe tu, wala hatuulizi tarehe hizo zinatufanyia nini leo.

Nitaanza na kisa kilichotokea hapa shuleni katika miaka ya 1980, nilipokuwa kidato cha pili. Siku moja mwalimu wetu wa jiografia alitundika ukutani ramani ya zamani ya nchi yetu, iliyochapwa kabla ya mwaka 1965. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Buyaga, alikwenda mbele akaweka kidole juu ya kwao, akasema, "Ramani hii ni ya uongo. Kwetu ni Bunyoro." Mwingine, mtoto wa Mengo, akamjibu kutoka nyuma, "Ramani ni sawa. Ninyi mlituibia mwaka 1964." Wa kwanza akasema, "Ninyi mliiba kwanza!" Ngumi zikainuka.

Vijana hao wawili vitanda vyao vilipakana, na usiku uliotangulia walikuwa wamegawana sukari. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa mwaka 1964. Mwalimu aliwatenganisha, kisha akatuuliza swali moja tu: "Ni nani aliyechora mstari huu, na kabla ya kuuchora alimwuliza nani?" Darasa zima lilinyamaza. Makala hii ni jibu langu, ingawa limechelewa sana.

JINA LA NCHI

Tuanze na jina lenyewe, maana linahusu lugha hii ninayoiandika. Wenyeji wa ufalme ulio kaskazini ya ziwa la Victoria Nyanza waliiita nchi yao Buganda. Wafanya biashara wa Unguja na pwani waliofika huko katika karne ya 19 walifuata desturi ya lugha yao, ambayo huita nchi kwa herufi U: Unyamwezi, Usukuma, Unyoro, Usoga. Hivyo Buganda katika vinywa vyao ikawa Uganda. Wazungu wa kwanza, kama Speke aliyefika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, walisafiri pamoja na watu wa pwani, na jina wakaliandika kama walivyolisikia.

Baadaye Waingereza walipotawala nchi iliyo kubwa mara kadhaa kuliko Buganda, waliiita yote kwa jina la sehemu yake moja. Fikirini nyumba yenye vyumba kumi inayoitwa kwa jina la mtu wa chumba kimoja. Huyo wa chumba kimoja atajiona mwenye nyumba, na hao wengine watajiona wapangaji. Jina peke yake halikuleta ugomvi, lakini lilikuwa dalili ya mambo yaliyofuata.

KABLA YA KUUNGANISHWA

Isidhaniwe kwamba hapo kale watu waliishi kama malaika. Bunyoro ulikuwa ufalme wa zamani na mkubwa. Buganda uliukulia ubavuni na kumega nchi yake kidogo kidogo. Toro ulijitenga na Bunyoro katika karne ya 19. Ankole ulikuwa na mfalme wake, na Busoga palikuwa na watawala wadogo wengi. Kaskazini na mashariki, Waacholi walikuwa na machifu wengi, kila mmoja na watu wake; Walango na Wateso walitawaliwa na wazee wa koo. Wakiga wa kusini magharibi hawakutaka mfalme kabisa.

Watu hao walipigana, walioana, waliuziana chumvi, majembe na ng'ombe. Mipaka yao ilisogea mbele na nyuma kama maji ya ziwani. Aliyeshindwa leo aliweza kushinda kesho. Walipokuja Waingereza, mipaka hiyo ilikauka mahali ilipokuwa siku ile, na aliyekuwa ameshinda siku ile akapewa hati.

VITA NA ZAWADI

Mwaka 1890 Kapteni Lugard alifika Mengo na askari wake. Buganda wakati huo ulikuwa umegawanyika kwa vita vya dini. Lugard aliusaidia upande mmoja, na upande huo ukawa rafiki wa Waingereza. Mwaka 1894 Buganda uliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1896 himaya hiyo ilienezwa juu ya Bunyoro, Toro, Ankole na Busoga.

Bunyoro haukukubali. Omukama Kabalega alikuwa mtawala hodari, na tangu mwisho wa mwaka 1893 alipigana na jeshi la Waingereza lililofuatana na maelfu ya wapiganaji wa Kiganda. Alipigana miaka mingi porini, hata akakamatwa Lango mwezi Aprili 1899 pamoja na Kabaka Mwanga, ambaye naye alikuwa amewaasi Waingereza. Angalieni jambo hili: mfalme wa Bunyoro na mfalme wa Buganda walikamatwa siku moja, wakapelekwa uhamishoni pamoja katika visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki Jinja kabla ya kufika kwao.

Huku vita vikiendelea, Waingereza waliwalipa rafiki zao. Nchi ya Bunyoro iliyo kusini ya mto Kafu ilitolewa kwa Buganda kama zawadi ya vita. Katika nchi hiyo ndimo yalimo makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Maofisa wawili wa Kiingereza waliokuwa kazini Bunyoro waliona jambo hilo si haki, wakajiuzulu; lakini zawadi haikurudishwa. Buyaga, kwao yule mwenzetu, ni sehemu ya zawadi hiyo.

KARATASI YA MWAKA 1900

Tarehe 10 Machi 1900 Sir Harry Johnston aliandikiana mkataba na wakubwa wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto mdogo, kwa hiyo waliotia sahihi ni wasimamizi wake, wa kwanza wao akiwa Katikiro Apolo Kagwa. Mkataba huo ulitaja masaza 20 ya Buganda, na miongoni mwake mlikuwa na Buyaga, Bugangaizi, Bugerere, Buruli na Buwekula, nchi ambazo Wanyoro walizililia. Lile lililokuwa zawadi ya vita sasa likawa sheria.

Mkataba uligawa na ardhi pia. Maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa ajili ya machifu na wakubwa wapatao 1,000, na Kabaka akapata maili 350 zake. Ndiyo maana ardhi ya namna hiyo huitwa mailo mpaka leo. Sasa nataka mfikiri juu ya mkulima wa kawaida. Mnyoro wa Buyaga aliamka akaambiwa shamba lake ni mali ya chifu wa Kiganda aliyeko mbali. Lakini Mganda mkulima wa Bulemezi au Singo naye aliamka siku hiyo hiyo akaambiwa shamba la babu yake ni mali ya chifu, na kwamba yeye ni mpangaji. Karatasi moja iliwanyang'anya wote wawili. Basi mwanafunzi asemapo, "Waganda walipewa ardhi," mwambieni amalize sentensi yake: wakubwa walipewa, wadogo walinyang'anywa.

Sehemu nyingine nazo zilipata karatasi zao. Toro uliandikiana mkataba mwaka 1900, na Ankole mwaka 1901. Bunyoro, kwa kuwa ulihesabiwa nchi iliyoshindwa, ulingoja mpaka mwaka 1933. Sehemu nyingi za kaskazini na mashariki hazikupata mkataba wa namna hiyo kamwe. Na pembeni mstari uliendelea kuchorwa na kufutwa. Mwaka 1902 nchi ya Kisumu na sehemu ya Bonde la Ufa zilitolewa Uganda zikatiwa katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka 1914 West Nile, iliyokuwa imetawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kisha na serikali ya Sudani, ilitiwa Uganda. Mwaka 1926 nchi ya Waturkana ikahamishiwa Kenya. Wenyeji hawakuulizwa katika hata mojawapo ya safari hizo.

MAMBO MATATU YALIYOHARIBU MUUNGANO

Yafaa sasa tueleze kwa utaratibu kwa nini muungano huo ulizaa chuki. Mimi naona sababu tatu.

Kwanza, kila sehemu iliungana na Mwingereza; haikuungana na jirani yake. Magurudumu ya baiskeli yana njiti nyingi, na kila njiti imefungwa katikati, lakini njiti hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Ukiondoa kitovu, zote huanguka. Buganda ulisema, "Mimi nina mkataba wangu na Mfalme wa Uingereza," na Toro ukasema vivyo hivyo. Hakuna karatasi hata moja iliyosema, "Sisi watu wa Uganda tumekubaliana."

Pili, watu wa sehemu moja walitumiwa kuwatawala wengine. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliitiisha nchi ya mashariki mpaka Mbale kwa niaba ya Waingereza. Machifu wa Kiganda walipelekwa Bunyoro, Bukedi na kwingineko, wakatoza kodi na kutawala kwa Kiluganda. Mwaka 1907 Wanyoro waliwakataa, na maasi hayo huitwa Nyangire, yaani "Nimekataa". Mkulima hakumwona Gavana aliyekaa Entebbe. Alimwona jirani yake mwenye daftari la kodi, na hasira yake ikaishia kwa jirani.

Tatu, kazi na elimu ziligawanywa kwa mahali. Kusini palijengwa shule kubwa za mwanzo, kama Namilyango mwaka 1902 na Budo mwaka 1906, na pamba ikalimwa na kuuzwa. Kaskazini palitakiwa askari na vibarua. Baada ya miaka 60 ya mpango huo, kusini palikuwa na makarani na mawakili, na kaskazini palikuwa na bunduki. Si kwa sababu damu ya Mwacholi ni ya vita wala ya Mganda ni ya kalamu. Ni kwa sababu ya mahali shule ilipojengwa na mahali meza ya kuandikia askari ilipowekwa.

Hata lugha iliingia katika magomvi haya. Katika miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kitumike katika shule na kazi za serikali. Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929, na wakubwa wengi wa dini walikipinga pia. Kiswahili kikabaki kambini kwa askari na polisi, na raia wengi wakakijua kama lugha ya kuamrishwa. Ndiyo sababu mpaka leo wazazi wengine hushtuka wakisikia mtoto wao anajifunza Kiswahili.

BAADA YA UHURU

Nyufa hizo zilionekana kabla ya bendera kupandishwa. Mwaka 1953 Waziri wa Makoloni wa Uingereza alidokeza habari za shirikisho la Afrika ya Mashariki. Kabaka Mutesa wa Pili aliogopa ufalme wake kumezwa, akadai Buganda itengwe. Gavana Cohen akamhamishia Uingereza. Alirudi mwezi Oktoba 1955, akiwa na sifa kubwa kuliko alivyoondoka.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Oktoba 1962 kwa katiba iliyokuwa kama nguo ya viraka. Buganda ulikuwa na madaraka ya shirikisho, falme nyingine madaraka pungufu, na wilaya zilizobaki hazikuwa nayo. Chama cha UPC cha Milton Obote kilitawala kwa kushirikiana na Kabaka Yekka, chama cha Buganda. Mwaka 1963 Mutesa akawa Rais. Mtu mmoja alikuwa Rais wa wote na Kabaka wa baadhi. Na habari ya masaza yaliyopotea, Waingereza waliiacha iamuliwe kwa kura baada ya wao kuondoka.

Tarehe 4 Novemba 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura, na wengi wakachagua kurudi Bunyoro. Wanyoro walisherehekea, Mengo palikuwa na kilio. Rais Mutesa alikataa kutia sahihi yake. Urafiki wa vyama viwili ulikuwa umekwisha kuvunjika mwaka huo huo. Mwezi Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba. Mwezi Mei Lukiko ya Buganda iliiambia serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Tarehe 24 Mei jeshi chini ya Idi Amin lilishambulia jumba la Kabaka. Mutesa alikimbia, akafariki London mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote. Na bunduki zilizozoea kuamua mambo ya siasa hazikutulia tena: mwaka 1971 Amin alimpindua Obote mwenyewe.

Hapa lazima tuseme kweli. Mstari wa ramani haukumlazimisha mtu yeyote kupiga mizinga. Waingereza waliacha deni, lakini viongozi wetu walichagua namna ya kulilipa, na mara nyingi walichagua vibaya. Ni uvivu wa mawazo kumlaumu Mwingereza kwa kila jambo, kama vile ni ujinga kusahau alilolifanya.

SIKU ZETU HIZI

Falme zilirudishwa mwaka 1993, na Katiba ya mwaka 1995 ikasema kwamba wafalme ni viongozi wa mila, wala hawana madaraka ya serikali. Je, mambo yakatulia? Tazameni Bugerere, mojawapo ya yale masaza ya mkataba wa 1900. Mwezi Septemba 2009 Kabaka Mutebi wa Pili alitaka kuzuru Kayunga, iliyo katika saza hilo. Baadhi ya Wanyala, wenyeji wa huko, walisema hawamtambui. Serikali iliuzuia msafara wa Katikiro uliotangulia. Ghasia zikatokea Kampala na miji mingine, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Wengi waliokufa hawakujua jina la ofisa yeyote wa miaka ya 1890, lakini walikufa kwa ajili ya mstari wa wakati ule.

Tazameni na Buyaga na Bugangaizi. Bendera ilibadilika mwaka 1965, lakini hati za mailo hazikubadilika. Wenye hati nyingi walibaki kuwa watu wa Buganda wasiokaa huko. Wakiga wengi kutoka Kigezi nao wamehamia, na katika miaka ya mwanzo ya karne hii palikuwa na mvutano mkali juu ya nani ni mwenyeji na nani aongoze wilaya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ilimpa mpangaji ulinzi na ikaweka mfuko wa kuwanunulia wapangaji hati, lakini kazi hiyo haijamalizika.

TUJIFUNZE NINI?

Wale vijana wawili wa ramani sasa ni watu wazima wenye mvi. Nilikutana nao katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, nikawakumbusha ngumi zao, wakacheka mpaka machozi. Kisha yule wa Buyaga akasema, "Lakini shamba la baba bado si letu. Hati iko Kampala kwa mtu tusiyemjua." Yule wa Mengo akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hata sisi. Baba alihamia mjini tu. Shamba la babu lililoko Bulemezi ni la mailo ya mtu mwingine, na mwaka jana alitaka kutufukuza." Wakatazamana. Miaka yote ile walikuwa wamegombana kama adui, kumbe ni wadaiwa wa karatasi moja.

Hilo ndilo jibu la swali la mwalimu wetu. Mstari ulichorwa na wachache waliokuwa na haja zao, na mkulima wa upande huu wala wa upande ule hakuulizwa. Basi ukisikia ugomvi wa kabila na kabila, usianze kwa kuuliza, "Watu hawa wana tabia gani?" Uliza, "Ni karatasi gani iliyoandikwa, nani alitia sahihi, na nani hakuwapo?" Mara nyingi utaona kwamba wagombanao hawakuwapo wote wawili.

Katiba yetu inataja jamii 65 za wenyeji wa nchi hii. Hatukuchaguana, lakini tuko pamoja. Kinachobaki ni kuandika kwa hiari yetu ule mkataba ambao haukuandikwa, wa jirani na jirani, na kuanza na mambo ya ardhi, shule na kazi. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekwisha kujenga ukuta mara nyingi, na kila mara kwa gharama kubwa.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini mwandishi asema kila sehemu iliungana na Mwingereza, haikuungana na jirani yake?
2. Mkataba wa mwaka 1900 ulimfaidi nani na kumdhuru nani ndani ya Buganda yenyewe?
3. Kura ya mwaka 1964 ilimaliza jambo gani, na jambo gani haikulimaliza?
4. Waulizeni wazee wa nyumbani: shamba lenu lina hati ya namna gani, na ni nani aliyeiandika? Andikeni ukurasa mmoja.